Wadogo zangu, /dev/mem si dirisha la kuchungulia

Mmeanza tena. Juzi mwenzenu mmoja kapiga `dd if=/dev/mem` (amri ya kunakili faili hilo la Linux, mlango wa kumbukumbu ya mashine pamoja na vifaa vyake) kwenye mashine iliyo kazini, ikagoma baada ya megabaiti moja, akaja kuniambia RAM imeharibika. Basi tuongee.

1. RAM ni nzima. Hiyo ni CONFIG_STRICT_DEVMEM, kinga ya kerneli (kiini cha Linux), ikifanya kazi yake: kerneli haitaki mpite huku kusoma kumbukumbu yake. Msikimbilie kuizima. Na /dev/kmem, ile ya kumbukumbu ya kerneli yenyewe, msiitafute, iliondolewa kwenye Linux 5.13 mwaka 2021.

2. Anwani mnayoipa mmap (wito wa kuunganisha eneo la faili hilo na programu yenu) lazima iangukie mwanzo wa ukurasa, yaani kipande cha kumbukumbu, mara nyingi cha baiti 4096. Mkipata EINVAL (kosa la thamani isiyofaa), anzieni hapo. Fungueni faili kwa O_SYNC, usomaji usipitie akiba, na pointa iwe volatile, kompaila isiruke usomaji.

3. Kusoma rejista (kisanduku kidogo cha data ndani ya kifaa) kunaweza kubadilisha kifaa. Hili mnaitikia kwa kichwa, kisha mnakwenda kufanya yale yale, kama nilivyofanya mimi. Nilikuwa na ubao wenye poti ya siriali ya aina ya 16550 iliyokuwa ikipoteza herufi mara chache. Nikaandika skripti ya kuchapa rejista zake zote kila sekunde, "niangalie tu." Herufi zikazidi kupotea. Nikabadilisha kebo. Nikapunguza kasi. Nikamlaumu aliyeandika draiva, tena kwa maandishi, mbele ya timu nzima, kwa maneno ambayo leo nayaonea aibu. Kadiri tatizo lilivyokua ndivyo nilivyoongeza kasi ya skripti, ili nilinase! Kumbe kwenye 16550 rejista ya kwanza, ile ya mapokezi, ukiisoma umeshaichomoa baiti kwenye foleni. Draiva ikifika haiikuti. Rejista ya hali nayo ukiisoma inafuta biti za makosa, kwa hiyo nilikuwa naiba herufi na kufuta ushahidi kwa pamoja. Aliyenifumbua macho ni yule yule mwandishi wa draiva. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo skripti yako inasoma kuanzia wapi?" Nilimwomba radhi kwa maandishi pia. Na zile herufi chache za mwanzo? Kebo kweli ilikuwa mbovu, na nilikuwa nimeshaibadilisha siku ya kwanza.

4. Rejista ya biti 32 isomeni kwa biti 32, mara moja. memcpy, ile ya C ya kunakili kumbukumbu, haiwaahidi hilo.

5. Kifaa cha kudumu kiandikieni draiva, au mtumie UIO (njia ya Linux ya kuendesha kifaa kutoka programu ya kawaida).

6. Kabla ya yote someni /proc/iomem mjue nani anamiliki eneo gani la anwani, na msome kama mtumiaji mkuu. Bila mamlaka hayo anwani zote zinatoka sifuri. Yupo aliyezichukua sifuri hizo, akaziweka kwenye programu yake, akaiendesha kwa sudo. Simtaji. Anajijua, na leo ndiye anayewakagulia msimbo wenu.