Kilo Ngapi za Risasi? Kwa Anayeanza Uzamiaji wa Kiufundi Malindi

Wanaotoka kwenye mbizi za kawaida wakaingia kwenye mbizi za kina kirefu huniuliza swali lilelile kuhusu risasi, vile vipande vya madini mazito vya kujifunga ili uzame: "Mwalimu, mimi nifunge kilo ngapi?" Nami huwarudishia swali: utakapokuwa unapanda, umefika mita 3 kutoka juu, mtungi wako utakuwa umebaki na nini? Wengi hunitazama tu. Wao wanafikiria namna ya kuzama. Kuzama si kazi, hata jiwe linazama. Kazi ni kutulia mahali pamoja wakati mitungi imekaribia kwisha.

Uzamiaji wa kiufundi, kwa maneno mepesi, ni ule unaovuka mita 40, au unaokuweka chini muda mrefu hadi huwezi tena kupanda moja kwa moja. Mwili umenyonya nitrojeni, na lazima usimame njiani, dakika kadhaa kwa kila kituo, itoke polepole. Vituo virefu ni vile vya mwisho, mita 6 na mita 3. Ukiwa mwepesi hapo, maji yanakupandisha utake usitake, na ugonjwa utakaokupata, wa vipovu vya nitrojeni mwilini, hautibiwi kwa Panadol.

Sasa tuje kwenye hesabu. Hewa ina uzito. Lita moja ya hewa ya kawaida ni takriban gramu 1.2, kidogo sana, lakini mtungi wa alumini wa lita 11 uliojazwa hadi shinikizo la baa 200 hubeba hewa ya kilo mbili na nusu hivi. Mitungi pacha mgongoni ni kilo 5. Ongeza ule mdogo wa pembeni wenye oksijeni ya kupandia, karibu kilo moja na nusu tena ukiwa umejaa. Maana yake, unaingia majini ukiwa mzito kuliko utakavyotoka, na tofauti hiyo hubebwa na bawa lako la kuelea, yaani ule mfuko wa hewa wa mgongoni. Risasi haiongezwi kwa ajili ya mwanzo. Risasi huhesabiwa kwa ajili ya mwisho, mitungi ikiwa karibu tupu na bawa halina hewa.

Alumini yenyewe ina tabia yake. Mtungi ukijaa huzama kidogo, ukiisha huelea, na huvuta juu kwa kilo moja na nusu hadi mbili. Chuma kwa kawaida hubaki kinazama hata kikiisha. Hapo ndipo ushauri wa mtandaoni unapowapoteza watu wa huku. Mengi yanayosomwa yameandikwa na wazamiaji wa maji baridi ya Ulaya, wanaovaa suti kavu, zisizoingiza maji, na manyoya ndani yake, na suti ile inawavuta juu vibaya sana. Wao mitungi pacha ya chuma inawafaa. Bahari yetu ni nyuzi 25 na kuendelea, mtu anavaa suti ya milimita 3, au 5 kama anajua atakaa vituoni muda mrefu. Aliwahi kuja mgeni na pacha zake za chuma na suti nyembamba, hana hata kipande cha risasi mwilini, na bado alikuwa mzito kupita kiasi. Nikamuuliza, bawa likipasuka mita 45, utatupa nini? Hakuwa na cha kutupa. Alikubali kubadilisha akachukua alumini, na kusema kweli kama asingekubali nisingeshuka naye.

Usikubali namba za kitabuni wala zangu; pima vifaa vyako mwenyewe. Mimi hutumia mizani ya kuning'iniza, ile ile ya wauza samaki. Nenda mahali penye maji ya kutosha kando ya gati au boti, funga mtungi mtupu pamoja na kipande cha risasi cha kilo 3, uning'inize wote uzame kabisa, kisha usome. Risasi ya kilo 3 ndani ya maji ya chumvi husoma kilo 2.7 hivi, kwa sababu nayo inasukumwa juu kidogo. Mizani ikisoma 1.2, basi mtungi wako unavuta juu kilo moja na nusu. Fanya hivyo kwa bamba la mgongoni linaloshika mitungi, kwa koki na vyuma vinavyounganisha pacha, hata kwa mapezi ya miguuni. Andika namba kwenye daftari. Suti haipimiki vizuri hivi kwa sababu imejaa vipovu; hiyo utaipima ukiwa umeivaa.

Kwa mfano tu: pacha za alumini zikiwa tupu zinakuvuta juu kilo 3 hadi 4. Bamba la chuma cha pua lina kilo mbili na nusu hivi, vyuma vya kuunganishia na koki vinaongeza nyingine, kwa hiyo mgongo umekaribia kujisawazisha wenyewe. Inabaki suti na mwili wako. Wengi ninaowafundisha huishia na risasi ya kilo 2 mpaka 4, na karibu wote walikuja wakiwa wamezoea zaidi ya hapo. Uzito wa ziada una gharama: unaweka hewa nyingi kwenye bawa, hewa hiyo inatanuka ukipanda na kusinyaa ukishuka, na kila mita unacheza na vifungo badala ya kutazama saa na mwenzako.

Jaribio la mwisho hufanywa baharini. Maliza mbizi rahisi ukiwa na baa 40 au 50, simama kwenye kina cha mita 3, penye mchanga chini yako, si matumbawe, toa hewa yote kwenye bawa, acha kupiga miguu, pumua kawaida. Ukibaki hapo, umepata. Ukizama taratibu, punguza kilo moja. Ukipanda, ongeza. Na kama ulijipima kwenye bwawa la hoteli, ujue maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa asilimia mbili na nusu hivi: mtu ambaye yeye na vifaa vyake ni kilo 100 atahitaji karibu kilo mbili na nusu zaidi akiingia baharini.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu havigusi. Siku za bamvua mkondo unakaza, na utasikia vijana wakishauriana waongeze risasi "ili wasichukuliwe". Mkondo haupingwi kwa risasi. Ukiwa mzito utachukuliwa vilevile, ila utachukuliwa ukiwa chini zaidi na umechoka. Panga mbizi nzito siku za maji mafu. Na kusi likivuma, hata kama nahodha amekubali kutoka, kituo cha mita 3 hakikaliki kwa mawimbi. Fanya dakika zote za mwisho kwenye mita 6 ukiwa kwenye oksijeni. Mimi binafsi mbizi za namna hii huzifanya wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki hutapika tope lake, na huku Malindi unaweza kushuka mita 20 usione mkono wako.

Risasi ikae wapi? Isikae yote kiunoni. Mtu mwenye risasi kiunoni na mapezi mazito hulala miguu chini, na miguu ikiwa chini kila teke linafukua mchanga au kuvunja tumbawe. Hifadhi ya bahari ya Malindi imelindwa tangu mwaka 1968, haikulindwa ili tuje kuipiga mateke. Weka kipande kirefu katikati ya mitungi, kisha sogeza mitungi yenyewe juu au chini sentimita chache kwenye mikanda mpaka ulale sambamba. Kiunoni bakiza kiasi unachoweza kukitupa, lakini kisiwe kingi. Kwenye mbizi ya kawaida kutupa mkanda wote kunakuokoa. Kwenye mbizi yenye vituo, mkanda wote ukidondoka kwa bahati mbaya, wewe unafyatuka juu bila kusimama popote.

Mipira na midomo ya kupumulia nitaipitia haraka, kwa sababu kozi yoyote nzuri itakufundisha. Mdomo unaopumulia ndio ule wenye mpira mrefu, mita 2 hivi, unaotoka koki ya kulia, unapita chini ya kwapa, kifuani, na kuzunguka nyuma ya shingo. Mwenzako akiishiwa, unampa ule ulio mdomoni mwako, kwa sababu una uhakika unafanya kazi. Wa akiba unaning'inia chini ya kidevu kwa raba, unatoka koki ya kushoto. Mpira wa kujazia bawa nao utoke kulia. Hili si la urembo: ukijisugua kwenye mwamba au dari la meli iliyozama, koki ya kushoto huelekea kujifunga na ya kulia huelekea kufunguka. Ikijifunga ya kushoto, bado unapumua na bado bawa linajaa.

Mtungi wa oksijeni uvae ubavu wa kushoto, na uandike juu yake kwa maandishi makubwa namba 6, ambayo ndiyo mita ya mwisho kuutumia. Wa nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, yenye oksijeni asilimia 50, andika 21. Oksijeni ikipumuliwa chini ya kina chake huleta kifafa, na kifafa majini ni kuzama. Kabla ya kubadilisha, mwonyeshe mwenzako namba, naye afuate mpira kwa macho hadi mdomoni mwako. Hata kama mmezamia pamoja miaka.

Klipu nunua za chuma cha pua zenye kitelezi, si zile za mlango wa kujifunga wenyewe. Zile hunasa kamba na nyavu, na huku nyavu zilizoachwa baharini ni nyingi.

Ukija kuzamia, beba bamba, bawa, mipira na midomo yako, vitu ambavyo mwili umevizoea. Mitungi na risasi utavikuta huku. Piga simu mapema uulize koki ni za aina gani na kama oksijeni ipo, kisha siku ya kwanza usipange kina chochote: omba mtungi mtupu, mizani, na nusu saa kando ya boti.