Filamu za mapenzi kwa asiyeamini mapenzi: nilivyojikuta upande wa adui

Mkuu, umesema umechoka na filamu ambazo mvua ikinyesha tu watu wanabusiana, na unataka zile za upande wa giza, zitakazothibitisha kwamba mapenzi ni uongo. La kwanza nitakusaidia. La pili sidhani, maana mimi nilianza nikitafuta hicho hicho nikakutana na kingine. Nitafichua miisho ya baadhi yake, kwa hiyo asiyetaka aruke.

Kwanza niondoe njiani zile ambazo kila mtu atakutajia. Gone Girl (2014) ya David Fincher ni tamu, na Rosamund Pike anatisha kweli kweli. Lakini ukiimaliza unalala vizuri, kwa sababu unajua mkeo hawezi kufika kule. Fatal Attraction (1987) ndiyo zaidi. Mwisho wake wa kwanza ulikuwa mwingine kabisa: yule mwanamke, Glenn Close, anajiua mwenyewe, na kisu kina alama za vidole vya mwanaume aliyemtumia kisha akamtupa. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda. Wakapiga upya, safari hii mke wa yule mwanaume anampiga risasi huyo mwanamke bafuni na familia inabaki salama. Yaani mume aliyetoka nje ya ndoa anarudi nyumbani kama steringi. Filamu ya namna hiyo inakufariji tu: inakuambia ubaya wa mapenzi ni kichaa mmoja aliyetoka nje akaingia ndani, akifa umekwisha.

Kwangu ilianza na Darr (1993), ya Yash Chopra. Tuliitazama tukiwa vijana, na wote tulikuwa upande wa adui. Kwa mujibu wa hadithi steringi ni Sunny Deol, ndiye mchumba halali, ndiye komandoo, ndiye anayeshinda mwishoni. Nani anamkumbuka? Tulimtaka Shah Rukh Khan, yule Rahul anayemfuata Kiran asiyemtaka, anayempigia simu na kigugumizi chake, anayechonga jina lake kifuani kwa kisu. Tukasema huyu sasa ndiye anayependa. Humo kuna wimbo ambao, ukitafsiri, mwanaume anamwambia msichana: ukubali, ukatae, wewe ni wangu. Niliuimba wimbo huo miaka na miaka nikiuhesabu kuwa wa mahaba.

Baadaye kuna dada alinikatalia. Kwa heshima, kwa maneno yasiyo na kona. Nikayasikia kama "bado". Nilimpigia, nikamwandikia kurasa na kurasa, nikasimama mahali nilipojua atapita halafu nikajifanya nimeshangaa kumwona. Moyoni nilijiona mvumilivu, na marafiki walinipa moyo, mwanaume hakati tamaa. Akaacha kupokea simu. Akabadilisha namba. Nikalalamika kwamba wanawake hawana utu, na kuanzia hapo nikajitambulisha kila mahali kama mtu asiyeamini mapenzi. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakutuambia kwamba mwenye kukohoa anaweza pia kuambukiza.

Kilichonitoa humo ni Vertigo (1958) ya Alfred Hitchcock, ambayo niliiweka nikidhani ni filamu ya upelelezi. Hii ndiyo nataka uanze nayo. James Stewart ni Scottie, askari mpelelezi aliyestaafu kwa sababu ya woga wa mahali pa juu. Anaajiriwa amfuatilie mke wa mtu, anampenda, na mwanamke anaanguka kutoka mnarani. Hadi hapo ni hadithi ya kawaida ya mfiwa. Kisha anakutana barabarani na msichana wa dukani, Judy, anayefanana na marehemu, na hapo filamu inageuka kuwa kitu kingine. Anamnunulia suti ya kijivu kama ya marehemu. Judy hataki. Anamtafutia viatu vilevile. Anamtaka abadili rangi ya nywele, na anapogoma anamwambia, kwa upole kabisa, kwamba kwake yeye rangi ya nywele haiwezi kuwa na uzito wowote. Judy anauliza, nikikuacha unibadilishe, utanipenda?

Hitchcock anafanya jambo ambalo mtengenezaji mwingine asingethubutu. Siri anatufichulia mapema, muda mrefu kabla ya mwisho: Judy ndiye yule yule mwanamke, alilipwa aigize. Kwa hiyo kuanzia hapo hatumtazami tena Scottie tukimwonea huruma. Tunamtazama kwa macho ya Judy, ambaye anampenda kweli na anajua kwamba anayependwa na Scottie hayupo duniani. Anapotoka bafuni amekamilika, suti na kishungi cha nywele, taa ya kijani ya bango la hoteli ikiwa nyuma yake, Scottie anamtazama kwa machozi. Ni picha nzuri kuliko zote za mapenzi nilizowahi kuona, na inachoonyesha ni mtu akifutwa. Nilisimamisha filamu pale. Nilikuwa nimekumbuka zile kurasa nilizoandika: hakuna hata sentensi moja iliyomuuliza yule dada chochote. Zote zilikuwa zinamweleza yeye ni nani.

Ilipotoka, wakosoaji wengi waliipokea kwa ubaridi. Mwaka 2012 kura ya jarida la Sight and Sound iliiweka namba moja, ikaiondoa Citizen Kane iliyokaa juu miaka 50. Sitaki kusema kura ndiyo kipimo, ila inaonyesha watu walichukua muda gani kukubali kujiona.

Baada ya hiyo tazama Gaslight, ile ya 1944 ya George Cukor, si ya Uingereza ya 1940 (nayo nzuri, lakini Ingrid Bergman hayumo). Mume, Charles Boyer, ana sauti ya asali. Anaficha vitu kisha anamwonyesha mkewe kwamba yeye ndiye aliyevipoteza. Kila jioni anaaga kwenda kazini, kumbe anazunguka na kuingia darini kwa juu kutafuta vito vya shangazi wa mke, aliyemuua yeye mwenyewe. Akiwasha taa za gesi kule juu, mwanga wa vyumba vya chini unafifia, maana gesi wanagawana. Mke anaona mwanga unapungua, anasikia nyayo, na kila mtu anamwambia hakuna kitu. Kutokana na hadithi hii Kiingereza kilipata neno "gaslighting", yaani kumfanya mtu atilie shaka akili zake mwenyewe, na kamusi ya Merriam-Webster ikalifanya neno la mwaka 2022.

Niliitazama na dada yangu mkubwa. Kuna sehemu mpelelezi anaingia ndani, mwanga unafifia, naye anasema ameuona. Basi. Hakumkumbatia, hakumwahidi kitu. Dada akaniomba nisimamishe, akaenda jikoni, akakaa huko kitambo. Aliporudi hakusema lolote kuhusu ndoa yake iliyovunjika, nami sikuuliza. Alisema tu, "Endelea." Bergman alipata Oscar kwa filamu ile, na baada ya jioni hiyo sihitaji mtu anieleze kwa nini.

Sasa labda utasema hizi zote zina mhalifu ndani. Sawa. Blue Valentine (2010) haina, na ndiyo iliyoniumiza kuliko zote. Ryan Gosling na Michelle Williams ni mume na mke wenye binti mdogo. Derek Cianfrance anachanganya nyakati mbili, walipokutana na siku wanapoachana, na hakuonyeshi katikati. Ya zamani aliipiga kwa mkanda wa milimita 16, ina chembechembe na joto. Ya sasa kwa kamera ya dijitali, kavu, inayobana nyuso. Kati ya sehemu hizo mbili aliwaweka waigizaji kwenye nyumba moja kwa takriban mwezi mzima, waishi kama familia, wapike, wazozane kuhusu pesa. Inaonekana. Uchovu ule huwezi kuuigiza kwa kuambiwa tu.

Humo Dean, yule mume, hana kosa ambalo ungelipeleka kwa mjumbe wa familia. Anampenda mtoto, anampenda mke. Kosa lake ni kwamba kupenda kumekuwa kazi yake pekee, na mke hawezi kupumua. Hoteli wanayokwenda kufufua penzi ina chumba cha mandhari ya siku zijazo, chuma na taa za buluu, hakina hata dirisha. Halafu kuna tukio la pete: kwa hasira anaivua na kuitupa vichakani, dakika hiyo hiyo anaingia vichakani kuitafuta, na mkewe anainama kumsaidia. Niambie umewahi kuona ugomvi wa wanandoa uliochorwa kwa usahihi kuliko huo.

Ukiipenda hiyo, Scenes from a Marriage (1973) ya Ingmar Bergman ndiyo babu yake: sehemu sita za televisheni ya Uswidi, Liv Ullmann na Erland Josephson wakizungumza. Tazama moja kwa siku. Mimi nilijidai nikatazama tatu kwa mkupuo, nikashinda na maumivu ya kichwa.

Kwa wewe usiyeamini kabisa, kuna mbili nyingine. Phantom Thread (2017) ya Paul Thomas Anderson ni ya mshona nguo maarufu, Daniel Day-Lewis, anayetaka nyumba nzima itembee kwa kunyata. Mpenzi wake anagundua kwamba akiugua ndipo anakuwa binadamu, basi anampikia uyoga wenye sumu. Mara ya pili mwanaume anajua kilichomo kwenye kimanda, anamtazama machoni, anatafuna. Nilicheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka, halafu nikacheka tena. Sijui kama ni mwisho mwema au msiba.

Nyingine ni The Lobster (2015) ya Yorgos Lanthimos. Asiye na mwenza anapelekwa hotelini, ana siku 45 za kupata mtu, akishindwa anageuzwa mnyama anayemchagua mwenyewe. Utashangilia, utasema hatimaye wametuelewa. Ngoja ufike msituni kwa waliotoroka. Huko kupendana ni marufuku na adhabu zake ni za kikatili vilevile, hata kaburi kila mtu anachimba lake. Lanthimos hakukuachia pa kusimama.

Ya mwisho ni Amour (2012) ya Michael Haneke, na usiitazame wiki ambayo moyo wako ni mzito. Wazee wawili, walimu wa muziki waliostaafu, mke anapata kiharusi. Jean-Louis Trintignant anamwogesha, anamlisha, anamzuia binti yao asiingie kumwona mama yake katika hali ile. Emmanuelle Riva aliteuliwa kuwania Oscar akiwa na miaka 85, na usiku wa tuzo ulikuwa siku yake ya kutimiza 86. Mwishoni mume anamsimulia mkewe kisa cha utoto wake mpaka anatulia, kisha anachukua mto.

Nimeitazama mara mbili na bado sina jina la kitendo kile. Nilikuwa nimezoea kutafuta giza mahali ambapo penzi limekwisha. Pale halijakwisha hata kidogo. Ndiyo maana nilikwambia sidhani kama utapata uthibitisho unaoutaka.

Anza na Vertigo, mkuu. Na ukifika pale anapouliza "utanipenda?", zima taa, itazame tena kuanzia dukani kwenye suti, ila safari hii mfuate Judy peke yake.