Ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo: angalia mkojo wa mtoto kabla ya kuhesabu vipele

Mbeya mwezi Juni na Julai mtoto mdogo huvalishwa soksi kabla hajashuka kitandani, na usiku hulala nazo. Hiyo ni sababu mojawapo ya sisi wazazi wa huku kuchelewa kuutambua ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Malengelenge ya nyayoni yamefunikwa. Tunachoona ni mtoto mwenye homa, anayelia akionyeshwa kikombe cha uji, udenda unamtiririka mpaka kifuani, na jibu liko tayari mdomoni mwa kila mtu: meno hayo, yatapita.

Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka mitano akipata homa na kukataa kula, mvue soksi. Mpeleke penye mwanga wa dirisha umtazame nyayo, viganja, matako, magoti na viwiko. Mdomoni ni kazi kidogo, maana hatakubali kuupanua. Mimi husubiri alie, kisha namulika kwa tochi ya simu: ulimi, ufizi, ndani ya mashavu, nyuma karibu na koo. Na kwa ngozi zetu nyeusi usitafute wekundu unaoonekana kwenye picha za vitabuni. Tafuta madoa yaliyokolea kuliko ngozi, au vilengelenge vya kijivujivu, virefu kidogo, ambavyo mara nyingi haviwashi kama tetekuwanga.

Wanangu wote wawili wameupata. Mkubwa alitoka nao chekechea, mdogo akaambukizwa nyumbani, kwa sababu watoto wa nyumba moja hawaachani kijiko wala mwanasesere. Ugonjwa unaletwa na virusi vya jamii moja na vya polio, ingawa chanjo ya polio haiukingi. Vinavyotajwa zaidi ni vile vya Coxsackie, vilivyopewa jina la mji mdogo wa jimbo la New York, Marekani, ambako viligunduliwa miaka ya 1940. Kuna kirusi kingine, enterovirusi 71, ambacho kimewaumiza sana watoto wa Asia ya Mashariki, na China wana chanjo yake. Hapa kwetu chanjo hiyo haimo kwenye ratiba ya kliniki. Tangu mtoto aambukizwe hadi aanze kuumwa hupita siku 3 hadi 6. Huanza homa, baada ya siku moja au mbili vinakuja vidonda vya mdomoni, kisha vipele, na wengi hupona wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10.

Mama mkwe wangu anafuga ng'ombe wa maziwa Tukuyu. Aliposikia jina la ugonjwa akanyamaza kwenye simu, kisha akauliza kama aache kutuletea maziwa, maana anaujua ugonjwa wa miguu na midomo ulivyo mbaya zizini. Nikamwambia, "Hapana mama, lete tu, tutayachemsha kama siku zote." Ugonjwa wa ng'ombe una virusi vyake vingine kabisa. Mtoto hapati huu kutoka zizini, wala ng'ombe haupati kutoka kwa mtoto. Naliandika hili kwa sababu kuanzia Rungwe mpaka Njombe nyumba nyingi zina ng'ombe, na maziwa ndiyo mtoto mgonjwa anayoyahitaji.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Vipele vinatisha macho, lakini kinachowapeleka wengi wa watoto hawa hospitalini ni kuishiwa maji mwilini. Mdomo unauma, hanywi. Hanywi, mkojo unapungua, anachoka, na akichoka hata nguvu ya kunywa hana. Na kwenye baridi yetu hata mtu mzima husahau kunywa maji, sembuse mtoto anayeumwa. Wakati majirani wanakuja kuhesabu vipele, wewe hesabu napi zilizolowa. Mtoto ambaye hajakojoa kwa saa nane hivi, analia bila machozi, midomo mikavu, macho yameingia ndani, au utosi umebonyea, mpeleke hospitali hata kama vipele vyake ni vichache mno.

Hapa ndipo tunapogongana na desturi yetu ya nyanda za juu. Mtoto akiumwa huku anapewa chai ya moto, uji wa moto, supu ya moto. Ni upendo, naujua, nimelelewa nao. Lakini kinywa chenye vidonda hakipokei moto. Kilichofaa kwangu ni uji wa ulezi uliopoa kabisa, mtindi, parachichi lililopondwa laini, ndizi mbivu na maziwa yaliyopoa. Bibi yao alihofia nimonia. Nikamweleza taratibu kwamba nimonia huletwa na vijidudu kwenye mapafu, si na uji uliopoa, na mtoto tutamwacha na sweta lake na kofia yake. Mwili uwe na joto, mdomo upate ubaridi. Akakubali, na ndiye aliyekaa naye kutwa nzima akimnywesha kijiko kimoja kimoja. Ndaga fijo, yaani asante sana, mama.

Kijiko kimoja kimoja, naomba usikipuuze. Kikombe kizima kinamtisha mtoto. Bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kupimia dawa, linasaidia sana: unaweka kidogo pembeni ya shavu, unasubiri ameze, unarudia baada ya dakika chache. ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, iliyochanganywa kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti ni nzuri kama anakunywa kwa shida. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akilikataa ziwa kwa maumivu, kamua umpe kwa kijiko. Machungwa, pesheni, ndimu, nyanya na vitu vya chumvi viweke kando mpaka mdomo upone, vinachoma.

Dawa iliyobadilisha siku zetu ni parasetamoli ya maji, tena kwa kuangalia saa. Mpe karibu nusu saa kabla ya chakula, ili maumivu yawe yametulia chakula kinapofika. Kipimo kinafuata uzito wa mtoto, kwa hiyo nenda na kadi ya kliniki duka la dawa au zahanati wakusomee uzito wake. Isirudiwe kabla ya muda wa saa nne kupita tangu dozi iliyotangulia, na isizidi mara nne kwa siku nzima. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

Dukani ulizia parasetamoli na ORS, halafu ondoka. Nasema hivi kwa sababu utapewa na antibiotiki, na muuzaji atakupa kwa nia njema. Antibiotiki haziui virusi. Zinaweza kumharisha mtoto anayehitaji kila tone la maji alilonalo. Ile dawa ya zambarau ya kupaka mdomoni nayo haiviponyi vidonda hivi, na inamzuia daktari kuona kilichopo. Msikubali mtu amsugue mtoto ulimi kwa kitambaa na chumvi eti kuondoa utando, ni kumtesa bure. Asali isimguse mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja. Malengelenge yasitumbuliwe.

Kuna dalili nyingine zisizosubiri asubuhi. Homa iliyozidi siku tatu. Kushtukashtuka usingizini mara kwa mara, shingo kukakamaa, kutapika mfululizo, kuyumba akitembea au mguu kulegea, kupumua kwa shida, degedege, au usingizi mzito usioamshika vizuri. Hizi zinaweza kumaanisha virusi vimefika kwenye ubongo au moyo. Ni nadra, lakini zikitokea ni hospitali, si dukani. Mtoto wa chini ya miezi sita apelekwe mapema tu, hata bila hizo.

Na homa ya mtoto ipimwe malaria, hasa kama mmetoka Kyela au Usangu, ambako mbu ni wengi kuliko huku juu mlimani. Mtoto anaweza kuwa na malengelenge na malaria kwa wakati mmoja. Surua nayo usiisahau: upele wake huanzia usoni na nyuma ya masikio, pamoja na kikohozi, mafua na macho mekundu. Tangu Wizara ya Afya ilipotangaza wagonjwa wa mpox, ile iliyokuwa ikiitwa homa ya nyani, nchini Machi 2025, kila lengelenge linatia watu hofu, na siwalaumu. Kama mtoto amekaa karibu na mtu mwenye mpox, au ana matezi yaliyovimba na malengelenge makubwa magumu, usikae nyumbani kubashiri. Mhudumu wa afya amwangalie.

Virusi hivi hukaa kwenye mate, kamasi, maji ya malengelenge na kinyesi, na kwenye kinyesi vinaendelea kutoka kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo kazi kubwa ni sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya kubadilisha napi au kumwaga poti. Vitakasa mikono vya spiriti havitoshi kwa virusi vya aina hii. Kikombe kimoja cha kunywea kilichofungwa kamba kwenye ndoo ya chekechea ndicho ninachokipigia kelele kila muhula. Watoto wote wanakinywea, aliye na vidonda na asiye navyo. Kila mtoto aende na kikombe chake chenye jina. Vitu vya kuchezea vioshwe kwa sabuni, kisha vipanguswe kwa maji yenye klorini ile ya kufulia nguo nyeupe, visuuzwe vikauke. Wakubwa pia tunaupata, mara nyingi kwa dalili ndogo, na mama mjamzito aliyemuuguza mtoto awaambie kliniki.

Mwambie mwalimu. Najua kwa nini akina mama wanaficha: mtoto akikaa nyumbani, nani atamwangalia huku genge limefungwa? Lakini mwalimu akijua siku ya kwanza anaweza kuwatazama wengine viganja na midomo asubuhi wanapopokelewa. Mtoto arudi homa ikiisha, akiwa anakula, udenda umekoma na malengelenge yamekauka. Kusubiri mpaka kirusi chote kiishe mwilini hakuna mzazi anayeweza.

Baada ya wiki kadhaa, mtoto akiwa mzima anakimbia, ngozi ya vidole inaweza kubambuka na kucha zikaanza kuachia kutoka kwenye shina. Hili limewapeleka wazazi kwa waganga, wakiamini mtoto amechezewa. Ni mkia wa ugonjwa uleule. Usizing'oe, zikate tu pale zinapokwaruza na kunasa kwenye nguo, umwoshe mikono kama kawaida. Chini yake kucha mpya zimeshaanza kuota.