Binti aliyejifungua bado ana nafasi darasani

Dada wa Majengo, umeuliza kama binti wa marehemu dada yako, aliyeacha shule kidato cha pili kwa ujauzito, anaweza kurudi. Anaweza. Tangu Novemba 2021 Serikali ya Tanzania inaruhusu wasichana wa hali yake warudi katika mfumo rasmi, kwa hiyo usikubali kuambiwa ameshafukuzwa. Nenda naye kwa mkuu wa shule. Akisitasita, mwone afisa elimu kata. Kama anaogopa kuchekwa na wenzake wa zamani, ombeni uhamisho, au ulizeni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kuhusu sekondari kwa njia mbadala.

Lakini karatasi ndiyo sehemu nyepesi. Mtoto atabaki na nani asubuhi? Hapo ndipo wengi hukwama. Shule za serikali hazitozi ada, ila sare, madaftari na nauli vinahitaji pesa, na wewe uko sokoni Mbuyuni tangu alfajiri. Huwezi peke yako. Liseme kwenye kikoba chenu bila aibu: mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kikundini, utoe sare, akina mama wapokezane kulea. Andikeni kabisa nani anashika siku gani, maana "tutasaidiana" tupu huyeyuka haraka.

Na nyumbani, tafadhali, asikumbushwe mimba kila akivunja sahani. Mwulizeni yeye anataka nini kabla ya kikao chochote cha ukoo.

Mwaka wa masomo huanza Januari. Onana na shule kabla hawajafunga kwa likizo ya Desemba.