Barua kwa mwanangu: Msimlipe wakala huyo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unauliza kama mumlipe yule wakala wa Eldoret shilingi laki mbili sasa, na fungu la pesa za chuo baadaye, ili amtafutie mjukuu wangu skolashipu ya riadha Marekani. Tena unauliza, kama si yeye, mtoto atafikaje huko. La kwanza ni jepesi: msimlipe.

Hilo fungu ndilo linalonitisha zaidi. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, hakiruhusu mtu alipwe kulingana na skolashipu aliyomtafutia mwanariadha. Mkitia sahihi, mtoto anaweza kufika chuoni akazuiwa kushindana kwa sababu ya karatasi iliyotiwa sahihi na mama yake mwenyewe. Halafu anachowauzia ni kitu cha bure. Timu ya kila chuo ina ukurasa wake kwenye intaneti, na barua pepe za makocha zimeandikwa pale kwa yeyote. Kutafuta wakimbiaji ni sehemu ya kazi ya makocha hao, na wanalipwa mshahara kwa hiyo. Mwaka 2023 uliwaona wazazi wa Uasin Gishu wakiandamana Eldoret, wakidai pesa walizotoa watoto wao wapelekwe kusoma Finland. Kuna waliouza ng'ombe, kuna waliouza mashamba. Sitaki kukuona wewe barabarani.

Sasa hilo la pili, ambalo limeninyima usingizi.

Sijawahi kukusimulia habari za kijana mmoja niliyemfundisha miaka ya tisini. Alikuwa na pafu ambalo sijaliona tena hapa Iten. Mimi ndiye mwalimu wa michezo, na mimi ndiye niliyemwombea ruhusa asihudhurie masomo ya jioni ili apumzike kwa mazoezi ya alfajiri. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani akamtaka. Akaomba matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Kijana alikuwa na D+. Jibu lililorudi lilikuwa mstari mmoja. Leo nikikutana naye sokoni ananiamkia "mwalimu" kwa heshima ileile ya zamani, na mimi sijui nitazame wapi. Yule mtoto hakushindwa na mbio. Mimi ndiye niliyemtoa darasani.

Kwa hiyo mjukuu wangu asitolewe darasani hata siku moja. NCAA hukagua masomo ya msingi 16 ya sekondari: Kiingereza, hisabati, sayansi, masomo ya jamii na kadhalika. NCAA hugawa vyuo vyake katika madaraja matatu yaitwayo divisheni. Wastani unaotakiwa ni 2.3 kwa Divisheni ya Kwanza na 2.2 kwa Divisheni ya Pili, kwa kipimo chao cha 4. Hicho ni kizingiti tu, na chuo chenyewe kinaweza kutaka zaidi, pamoja na mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au IELTS. Tangu 2023 NCAA haidai tena SAT, ule mtihani wa Wamarekani wa kuingilia chuo. Divisheni ya Tatu haitoi pesa za michezo kabisa, na vyuo vya Ivy League kama Harvard na Yale pia havitoi, ila hivyo vya Ivy League husaidia kulingana na kipato cha familia. Ndiyo maana Mike Boit, yule wa medali ya shaba ya mita 800 Olimpiki ya Munich 1972, na mwandishi John Manners walipoanzisha KenSAP, mpango wa kuwasaidia wanafunzi wa Kenya kuingia vyuo vya Marekani, mwaka 2004, walitafuta watoto wa huku kwetu wenye alama za juu kabisa. Akipata A, nayo ni njia.

Lakini najua anaota mbio za kuruka viunzi na maji. Basi aote vizuri. Doris Lemngole, Mkenya aliyekuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Alabama, alishinda taji la vyuo la mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 2024, akalishinda tena 2025 kwa dakika 8:58.15, mwanachuo wa kwanza kushuka chini ya dakika tisa. Ninayempenda zaidi kumtaja ni Sally Kipyego, nawe kama muuguzi utanielewa. Alianzia South Plains, chuo kidogo cha miaka miwili kule Texas, kisha akahamia Texas Tech, akatwaa mataji 9 ya NCAA huku akisomea uuguzi. Medali ya fedha ya Olimpiki ya London mwaka 2012 ilikuja baadaye. Watu wa hapa hudharau vyuo vya miaka miwili. Wasikudanganye. Vingi vina skolashipu za mbio, na mtoto ambaye alama zake hazijatosha leo anaweza kuzijenga huko.

Kuwa msichana kunamsaidia pia. Sheria ya Marekani ya 1972 inavitaka vyuo viwape wanawake nafasi sawa michezoni, na kwa miaka mingi timu ya riadha ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa skolashipu 18 za wanawake, wanaume 12.6. Hiyo nukta sita isikushangaze: skolashipu hukatwa vipande na kugawanywa. Kuanzia msimu wa 2025 vyuo vilivyoingia kwenye mpango mpya vinawekewa kikomo cha idadi ya wanariadha badala ya skolashipu, kwa hiyo kocha mmoja anaweza kuwa na pesa nyingi na jirani yake hana kitu. Asiandikie vyuo vitano. Aandikie hamsini.

Na aandike mwenyewe, si wewe wala mimi. Barua iwe fupi: jina, mwaka wa kuzaliwa kama ulivyo kwenye cheti, kidato, alama za muhula uliopita, muda wake bora, ulikimbiwa wapi na lini, na kama ni saa ya mkono au ya umeme. Aseme wazi kwamba uwanja uko mita 2,400 juu ya bahari, makocha wanajua hewa ya huku inavyobana. Aambatishe video ya mbio nzima, si ya mita mia za mwisho. Umri asipunguze hata kwa mwezi, na muda asipunguze hata kwa sekunde, kwa maana matokeo hutafutwa na yakigongana na barua mlango unafungwa. Makocha wa Divisheni ya Kwanza huruhusiwa kujibu kuanzia tarehe 15 Juni baada ya mwaka wa pili wa sekondari. Yeye yuko kidato cha tatu, basi wakati ndio huu. Wengi hawatajibu. Aandike tena akipata muda mpya.

Akimaliza KCSE asikae nyumbani akizunguka mbio za barabarani. NCAA huhesabu muda tangu mtu amalize shule, na anayeendelea kushindana zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kujiunga huanza kupoteza misimu. Mbio zenye zawadi za pesa asiingie kabla ya kumuuliza kocha anayemtaka, kwa maandishi.

Siku kocha atakaposema "tunakutaka", usishangilie kwanza. Muulize: karo yote au nusu? Malazi, chakula, vitabu, bima ya afya? Ni ya mwaka mmoja au minne? Akiumia goti itakuwaje? Jibu lije kwa karatasi ya chuo, si kwa WhatsApp. Pengo lolote ni lenu, na chuo hakitatoa fomu ya I-20 ya kuombea viza mpaka mwonyeshe pesa za kuliziba. Jambo moja ambalo wazazi hulikuta wakiwa wamechelewa: ile sehemu ya skolashipu inayolipia chakula na malazi hukatwa kodi, kwa kawaida asilimia 14 kwa mwenye viza ya mwanafunzi. Ulizeni mapema nani anailipa. Viza tutaizungumza ikifika, ni safari ya ubalozi wa Marekani kule Gigiri, Nairobi, na maswali ya dakika chache.

Zile laki mbili zishikeni. Kuna pasipoti, kuna mtihani wa Kiingereza, kuna ada ya NCAA ya kumthibitisha, kuna nauli ya kumpeleka Nairobi akakimbie Nyayo kwa saa ya umeme.

Shule zikifunga mlete huku wiki moja. Aje na ripoti zake zote tangu kidato cha kwanza na daftari la mazoezi. Asubuhi atakimbia na wenzake, mchana tutakaa mezani aandike barua kumi za kwanza, nami nitamsahihishia Kiingereza tu.

Msalimie mume wako.

Baba yako