Ukiona ventrikali, soma kitumbo

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa wodi ya watoto, kuna mama alitoka kwa daktari amebeba mtoto wa miezi minne na karatasi ya majibu, akanifuata kwenye korido akaniuliza, sista, wameniambia mwanangu ventrikali zimetanuka, ventrikali ndo nini? Nikamjibu ni sehemu za ubongo zenye maji. Akaniangalia kidogo, akasema haya ahsante, akaikunja ile karatasi mara nne akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka. Tarehe aliyopangiwa kurudi hakuja. Nilichomwambia hakikuwa uongo ila hakikumsaidia chochote, na mpaka leo nikimkumbuka vile alivyokuwa anaikunja ile karatasi roho inaniuma.

Hii nawaandikia wadogo zangu mnaosomea uuguzi, utabibu, udaktari, na wewe pia uliewahi kupewa majibu yenye neno la hivi ukarudi nayo nyumbani hujui pa kuanzia.

Chuoni anatomia, lile somo la viungo vya mwili, niliipita kwa sapu, yani mtihani wa kurudia. Sababu naijua vizuri sasa hivi, nilikuwa nakariri. Ventrikali za moyo nimeandika ukurasa mmoja, ventrikali za ubongo ukurasa mwingine, ventrali na dorsali huko mbele, ventrogluteali iko kwenye daftari la sindano, yani kwangu hayo yalikuwa maneno manne yasiyojuana kabisa. Usiku mmoja tunasoma kwa ajili ya hiyo sapu nikamlalamikia mwenzangu mmoja wa darasani, kwanini moyo una ventrikali na ubongo nao una ventrikali wakati moyo unasukuma damu na ubongo haisukumi kitu? Yeye alikuwa ametokea seminari, huko walisoma Kilatini. Akaniuliza, Salamu Maria unaijua? Nikamwambia naijua. Akasema basi kwa Kilatini pale kwenye "mzao wa tumbo lako" inasemwa fructus ventris tui, hiyo ventris ndo venter, tumbo, na ventrikali ni ventriculus, kitumbo.

Nilinyamaza kabisa. Sala nimeisali toka utoto, na neno lililokuwa linanitesa mwaka mzima limekaa humohumo.

Angalieni jinsi Kilatini kinavyofanya, maana Kiswahili kinafanya hivyohivyo. Sisi tukitaka kitu kiwe kidogo tunakiwekea ki- mbele, tumbo linakuwa kitumbo. Wao wanaongeza mkia nyuma, -culus au -cula, venter inakuwa ventriculus. Ukishaujua huo mkia utaukuta kila mahali mwilini: klavikula, ule mfupa tunaouita mtulinga, ni clavis yani ufunguo, kwahiyo kifunguo. Aurikula ni kisikio, toka auris. Hata musculus, msuli, ni kipanya, toka mus, panya, kwasababu mtu akikunja mkono msuli unatembea chini ya ngozi kama panya kwenye shuka. Mimi nilikaa usiku ule ule nikapitia daftari zima natafuta mikia.

Hafu neno lenyewe ni la zamani mno. Celsus, Mrumi alieandika habari za tiba karne ya kwanza, aliuelezea moyo kwamba una kama vitumbo viwili. Hakuwa anatunga neno la kutisha wanafunzi, alikuwa anaelezea kitu kwa neno la nyumbani ili msomaji wake akione. Ventriculus hiyohiyo ilitumika pia kwa tumbo la chakula, na mpaka leo wataalam wa mifugo wanaiita firigisi ya kuku ventriculus, na ile sehemu laini iliyotangulia kabla ya firigisi wanaiita proventriculus, kitumbo cha mbele. Siku ukiandaa kuku kafuate utumbo kwa kidole toka kooni kushuka, utavikuta vyote viwili vimefuatana, na nakuhakikishia hutavisahau tena.

Ushauri wangu wa kwanza basi, nenda bucha ukanunue moyo wa ng'ombe. Mzima, usikubali akukatie. Mimi nilinunua wa kwangu wiki moja kabla ya mtihani, nikauosha, nikauweka juu ya ubao wa kukatia mboga, nikaupasua toka juu mpaka kwenye ncha. Juu kuna vyumba viwili vyenye ukuta mwembamba, hizo ndo atria (atrium kwa Warumi ilikuwa ukumbi wa kuingilia nyumbani, damu inafikia hapo kwanza). Chini ndo vile vitumbo viwili. Kile cha kulia ukuta wake unaubonyeza kwa kidole unaingia, kile cha kushoto ukuta wake mnene umekakamaa, kwa binadamu unene huo ni karibu mara tatu ya ule wa kulia, kwasababu kulia kunapeleka damu kwenye mapafu tu hapo jirani wakati kushoto kunaipeleka mwili mzima toka utosini mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. Ndani utaona nyuzi nyeupe ngumu kama uzi wa kushonea viatu, zinashika zile valvu, vile vifuniko vinavyozuia damu isirudi nyuma, zisipinduke. Nilizivuta kwa mkono valvu ikajifunga mbele ya macho yangu. Kitumbo cha kushoto cha mtu mzima aliepumzika kinatoa kama mililita 70 kila pigo, piga hesabu mapigo 70 kwa dakika unapata karibu lita 5, dumu dogo la mafuta ya kula linajaa kila dakika. Sasa mgonjwa wa presha ya muda mrefu akiambiwa ukuta wa ventrikali ya kushoto umenenepa, wewe ulieshika ule moyo unaelewa papo hapo, kitumbo kimesukuma dhidi ya presha kubwa miaka na miaka, kimejenga msuli.

Kwenye ubongo ni habari nyingine. Kule vitumbo havisukumi, ni vishimo vyenye maji, viko vinne na vimeunganika: viwili vya pembeni, kushoto na kulia, cha tatu katikati, cha nne chini karibu na uti wa mgongo. Ndo maana swali langu la ule usiku lilikuwa na jibu rahisi, jina halisemi kazi, linasema umbo. Kitu chenye uwazi ndani kama tumbo. Ndani ya vitumbo hivyo kuna tishu zinazotengeneza maji masafi, kwa mtu mzima kama nusu lita kwa siku, wakati maji yanayokuwepo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu, maana yake yanatengenezwa, yanazunguka, yananyonywa kurudi kwenye damu, yanatengenezwa tena. Toka cha tatu kwenda cha nne yanapita kwenye mfereji mwembamba sana, na pale pakiziba maji nyuma yanajaa vitumbo vinatanuka, na kama ni mtoto ambae mifupa ya kichwa bado haijaungana basi kichwa nacho kinakua. Hicho ndo kichwa maji. Ndo ile karatasi ya yule mama.

Nitarudi kwake.

Kuna hii familia nyingine ya neno hilohilo, ventrali. Maana yake upande wa tumbo, na dorsali upande wa mgongo, toka dorsum. Wanafunzi wengi wanachanganya na mbele na nyuma. Kwa binadamu aliesimama ventrali ni mbele kweli, lakini mwangalie ng'ombe, tumbo linaangalia chini, kwahiyo kwake ventrali ni chini, mbele yake ni kichwani. Ukisoma tumbo hutakosea kwa mnyama yeyote. Kwenye uti wa mgongo vivyo hivyo, mizizi ya neva, yani mishipa ya fahamu, ya upande wa tumbo inatoa amri kwenda kwenye misuli, ya upande wa mgongo inaingiza hisia. Mimi niliishika hivi, mgongoni unaguswa, kwahiyo hisia zinaingilia mgongoni.

Na sindano. Hapa naomba manesi wenzangu mnisikilize kwa makini. Ventrogluteali ni tako upande wa tumbo, venter ya Kilatini imeunganishwa na neno la Kigiriki la tako. Wengi wetu tumezoea kuchoma nyuma, pale juu kwenye tako, na huko nyuma ndo unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, siatiki, ukiuchoma mtu anaweza kubaki anaburuta mguu. Upande wa tumbo, pembeni ya nyonga, uko mbali nao na msuli ni wa kutosha. Mgonjwa alale ubavu, kama ni nyonga ya kushoto tumia mkono wako wa kulia, weka kiganja juu ya ule mfupa unaochomoza pembeni ya nyonga, kidole cha shahada kiguse ncha ya mfupa wa nyonga kwa mbele, kidole cha kati ukitanue kurudi nyuma kikifuata ukingo wa mfupa, vidole viwili vinatengeneza V, sindano inaingia katikati ya hiyo V. Jina lenyewe lilikuwa linatuambia pa kuchoma muda wote huo. Tulikuwa hatulisikii.

Misuli nayo ina venter, ile sehemu nene ya katikati Kilatini wanaiita tumbo la msuli. Sisi tunasema shavu, shavu la mguu, shavu la mkono. Wao waliona tumbo sisi tukaona shavu, na mimi kwakweli naona letu linakaa vizuri zaidi. Chini ya kidevu kuna msuli wenye matumbo mawili, la mbele na la nyuma, yameunganishwa na kano katikati. Mtihanini unakuja sana huo.

Sasa ushauri wa pili, ambao nimejifunza kwa kukosea. Kitumbo ni cha kwako wewe unaesoma, usikipeleke kizimakizima kwa mgonjwa. Nilijaribu. Baba mmoja wa makamo nikamwambia kitumbo cha moyo wako kimenenepa, akanijibu, mwanangu mimi mbona nakula kidogo tu. Alielewa chakula, na ana haki, kwa Kiswahili chetu tumbo ni chakula na mimba, ndugu wa tumbo moja, tumbo linaniuma. Toka siku hiyo kwenye moyo nasema chumba cha chini upande wa kushoto, kile kinachosukuma damu mwilini. Kwenye ubongo nasema vishimo vya maji. Neno la zamani limeshafanya kazi yake kichwani mwangu, limenipa picha, mimi nampa mgonjwa picha. Jina la kitaalam nalo namwachia, namwandikia kwenye karatasi, kwasababu akienda hospitali nyingine atalikuta tena.

Sehemu moja tu natumia tumbo na mgonjwa, na hapo ndo narudi kwa yule mama. Matibabu makubwa ya kichwa maji ni mpira mwembamba, shanti, jina lake refu ni ventrikuloperitoneali, yani toka kwenye kitumbo cha ubongo mpaka kwenye uwazi wa tumbo lenyewe. Unaanzia kichwani, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, unaishia tumboni na maji yananyonywa huko. Niliposoma hilo jina nikiwa tayari naijua venter nilitamani ningekuwa nimeijua siku ile kwenye korido. Ningemwambia mama, ndani ya ubongo wa mtoto kuna vishimo vya maji, sote tunavyo, cha kwake njia imeziba, kuna mpira unaweza kuyateremsha maji mpaka tumboni, usichelewe. Hiyo ingechukua dakika moja.

Na sio wote wanawekewa mpira. Pale Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, daktari Benjamin Warf aliendeleza njia ya kuingia na kamera nyembamba, wanatoboa sakafu ya kitumbo cha tatu ili maji yapate njia mpya, na kwenye vitumbo vya pembeni wanachoma zile tishu zinazotengeneza maji. Inafaa sana kwa mtoto anaeishi mbali, kwasababu mpira ukiziba au ukipata maambukizi anatakiwa awahishwe hospitali, na kwa wengi hospitali iko mbali.

Mama, baba, ukiona kichwa cha mtoto kinakua haraka kuliko mwili, utosi umevimba hata akiwa ametulia, macho yanaangalia chini muda wote kama jua linazama, anatapika sana au amelegea, mpeleke apimwe, omba wampime mzunguko wa kichwa kwa utepe na waandike kwenye kadi ya kliniki kila mkienda. Hajarogwa. Na wewe unaetegemea kubeba mimba anza foliki asidi mapema kabla hujashika, mikrogramu 400 kwa siku, inapunguza sana hatari ya mgongo wazi, yani mtoto kuzaliwa uti wa mgongo haujafunga, na mgongo wazi na kichwa maji mara nyingi vinakuja pamoja. Kama ulishawahi kupata mtoto wa mgongo wazi mwambie daktari kwanza, dozi yako ni kubwa zaidi.

Siku hizi nina kalamu na karatasi mfukoni mwa gauni langu la kazi. Nachora kichwa cha mtoto kwa ubavu, vishimo vinne, mstari wa mpira mpaka tumboni, namwambia mzazi anielezee tena mwenyewe. Mwezi uliopita bibi mmoja aliekuja na mjukuu wake hakutaka hata karatasi, alimgeuza mtoto taratibu mapajani, akaweka kidole nyuma ya sikio lake, akakishusha shingoni, kifuani, akasimama kwenye kitovu, akaniuliza, hapa ndo yanafikia? Nikamwambia ndio bibi, hapo hapo.