Kabla hujatafuta tovuti: njia ya Jingdong kwa anayeanza kuuza simu Goma

Vijana wengi wanaokuja kwangu wakitaka kuuza simu na kompyuta mtandaoni huanza na swali la tovuti: nani ataitengeneza, itakula dola ngapi? Huwa nawaomba wakae kwanza tuongee habari za Jingdong, kampuni ya China inayouza bidhaa mtandaoni, ambayo wengi wanaijua kama JD. Mwanzo wake unafanana sana na wenu, wadogo zangu.

Mwanzilishi wake, Liu Qiangdong, ni mtoto wa Suqian, jimbo la Jiangsu, aliyesomea sosholojia Beijing. Tarehe 18 Juni 1998 alifungua kibanda Zhongguancun, mtaa wa vifaa vya elektroniki, kwa mtaji wa yuani 12,000. Mtu wa Birere, soko letu hapa Goma, angeuelewa mtaa ule mara moja: maduka yamebanana, bei inategemea sura ya mteja, feki inauzwa kwa bei ya orijino, na ukiomba risiti unatazamwa vibaya. Liu aliweka bei moja kwa kila mtu, akatoa risiti, akakataa feki. Majirani walimzidi faida kwa kila kipande, lakini wateja walirudi kwake, na ilipofika 2003 alikuwa na maduka 12.

Mwaka ule ukaingia SARS, ugonjwa wa mapafu unaoambukiza. Watu waliogopa soko, Liu akafunga maduka huku bidhaa zikishuka bei stoo. Yeye na wafanyakazi wake wakaanza kutangaza bidhaa kwenye majukwaa ya mazungumzo ya intaneti. Nani atume hela kwa mtu asiyemjua? Ila msimamizi wa jukwaa moja alikuwa amewahi kununua kwake, akasema hadharani kwamba huyu hauzi feki. Oda zikaanza. Tovuti yake ilikuja 2004, na baadaye akayafunga maduka yote akabaki mtandaoni. Yaani alianza kuuza mtandaoni kabla hajawa na tovuti, kwa nguvu ya risiti alizotoa miaka mitano.

Sisi wa Goma tunaijua miezi ya namna hiyo. Mlima wa moto wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, siku chache baadaye tuliamriwa kuhama. Mwaka 2025 benki zilifungwa, uwanja wa ndege nao ukafungwa. Nimeona wauzaji ambao simu zao hazikuacha kulia hata wakati huo, na wengine walionyamaziwa kabisa. Wa kwanza walikuwa wametunza namba za wateja wao, na mteja aliporudisha betri mbovu walimbadilishia bila kelele.

Kuhusu feki, jifunzeni kwa Newegg, duka la mtandaoni la California lililoanzishwa 2001 na Fred Chang. Machi 2010 wateja walioagiza prosesa (chipu inayoendesha kompyuta) za Intel Core i7-920 walifungua maboksi wakakuta kipande cha chuma kisichofanya kazi na feni ya kuigiza tu. Kauli ya kwanza ya duka ilikuwa kwamba ni maboksi ya maonyesho yaliyotumwa kimakosa. Baadaye lilikubali kwamba ni feki, likawabadilishia wateja na kuachana na msambazaji. Feki ilitoka kwa msambazaji, lakini mteja hamjui msambazaji, anakujua wewe.

Kwa hiyo mzigo ukifika kutoka Dubai au Kampala, usipige picha ya boksi ukaiweka status ya WhatsApp. Fungua. Bonyeza *#06# ulinganishe namba ya IMEI na ile ya kwenye boksi. iPhone, hakikisha akaunti ya mwenyewe wa zamani imeondolewa, la sivyo umenunua kioo na chuma. Kompyuta ya mtumba, iwashe bila chaja uone betri inakaa muda gani, tazama kama RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ni ile uliyoambiwa, jaribu kila kitufe. Kasoro utakayoikuta iandike kwenye tangazo pamoja na picha yake. Mkwaruzo uliotangazwa haumgombanishi mtu na mteja wake.

Kufunga duka la mtaani peke yake si dawa. Egghead, kampuni ya Marekani iliyouza programu za kompyuta, ilifunga maduka yake yote 1998 ikahamia mtandaoni. Desemba 2000 wadukuzi wakaingia kwenye mfumo wake uliohifadhi taarifa za wateja, na 2001 ikafilisika. Kwako wewe siri za mteja ni picha zilizobaki kwenye simu aliyokuletea na namba yake ya siri ya M-Pesa. Usiziguse.

Sasa usafirishaji, ambako naona wengi wenu mtakwama. Mwaka 2007 malalamiko mengi ya wateja wa Jingdong yalihusu mizigo kuchelewa na kuharibika njiani. Liu akaamua kujenga stoo na kuajiri wasafirishaji wake mwenyewe. Gharama ilikuwa kubwa, na kampuni ilikaa miaka mingi kwenye hasara. Lakini kufikia 2010 aliweza kuahidi kwamba, katika miji kadhaa, oda iliyoingia kabla ya saa tano asubuhi ingefika siku hiyohiyo.

Goma huna stoo, una motari, yaani dereva wa pikipiki. Chagua wawili au watatu, uwalipe vizuri, wawe walewale kila siku. Nyumba zetu nyingi hazina namba, basi mwombe mteja akutumie mahali alipo (location) kwa WhatsApp na alama inayoonekana: kanisa, famasi, mzunguko wa Signers au wa Chukudu. Mizigo ya Mugunga na Ndosho ipeleke safari moja, gharama ishuke. Motari amwache mteja aweke kadi yake ya simu, apige, ajaribu kamera na chaja kabla ya kulipa. Dakika hizo za kungoja mlipe motari wewe, usimtoze mteja. Akilipa kwa Airtel Money au Orange Money, tazama salio kwenye simu yako ndipo umwambie motari aondoke. Ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mteja usiuhesabu kuwa malipo, hata kama mteja ni binamu yako.